Bunduki ya Mjerumani: dili au miaka ishirini?

Leo naomba tuongelee jambo ambalo limekuwa likizunguka vijiweni hapa Mwanza, na likiendelea hivi hivi naona litampeleka mtu Butimba akiwa bado kijana mdogo.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye kafe moja maeneo ya Makoroboi, nachapisha karatasi zangu. Pembeni yangu walikaa vijana watatu kwenye kompyuta moja, wanafungua picha moja baada ya nyingine. Nikachungulia (najua, si tabia nzuri). Zilikuwa picha za bunduki za zamani. Mbao zimepauka, mtutu mrefu, bolti ya kuvuta kwa mkono. Chini ya kila picha kuna bei kwa dola. Mmoja akawa anapiga hesabu kwenye simu, dola anageuza shilingi, halafu akaropoka: "Oyaa, babu anayo hii hii! Iko juu ya dari kule Ukerewe tangu enzi za Mjerumani."

Wenzake wakamnyamazisha, lakini mimi nilishasikia. Wakati wa kulipa nikamvuta pembeni, nikamnunulia soda, akanieleza. Kuna dalali amewaambia kwamba yupo Mzungu anayenunua "bunduki ya Mjerumani" kwa milioni 80. Kinachotakiwa ni mambo mawili tu: kwanza watoe laki tatu za kumleta mtaalamu wa kuipima, pili waivushe bunduki yenyewe kwa kivuko waje nayo mjini ndani ya kiroba cha dagaa.

Jamani. Ndani ya kiroba cha dagaa!

Niliyomwambia yule dogo ndiyo nitakayoyaandika hapa, manake sidhani kama ni yeye peke yake. Kwa kifupi ni hivi: soko la bunduki za kale lipo kweli duniani, na huko liliko ni halali. Ila soko hilo lina mlango wake, na mlango huo haufungukii Mwaloni Kirumba. Anayekutuma ubebe bunduki umpelekee mnunuzi anachukua faida yeye, kifungo anakuachia wewe.

SOKO LIPO, TUSIDANGANYANE

Tuanze na ukweli, manake ukimwambia kijana "ni uongo mtupu" wakati ameziona bei kwa macho yake, hatakusikiliza tena.

Marekani wana sheria ya silaha ya mwaka 1968. Kwa sheria hiyo ya shirikisho, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo inahesabiwa ni kitu cha kale, haiingii kwenye kundi la silaha za kawaida. Majimbo yana masharti yao, lakini kwa sehemu kubwa mzee wa huko anaweza kuagiza bunduki ya kijeshi ya mwaka 1885 kama wewe unavyoagiza saa ya ukutani. Uingereza nao wana utaratibu wao. Kanuni zao za mwaka 2021 zinataka bunduki iwe imetengenezwa kabla ya Septemba 1, 1939, iwe ya aina ya risasi ambazo hazitumiki tena na zimo kwenye orodha ya serikali, na mwenyewe aiweke kama pambo au kumbukumbu tu.

Biashara yenyewe nayo si ya jana. New York kulikuwa na familia ya Bannerman, ambao baada ya vita ya Marekani na Hispania ya 1898 walinunua shehena ya zana za kijeshi kwenye mnada wa serikali, wakawa wanauza kwa katalogi. Mwaka 1953 Mmarekani mwingine, Samuel Cummings, akaanzisha kampuni ya Interarmco, akazunguka dunia kununua bunduki ambazo majeshi yamezichoka baada ya Vita Kuu ya Pili.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni Ethiopia. Wale ndugu zetu walikuwa na maghala yamejaa bunduki za kila taifa, nyingine zikiwa za Waitaliano, watu waliopigwa Adwa mwaka 1896 kisha wakarudi kuikalia nchi kuanzia 1936 hadi 1941. Miaka ya karibuni kampuni moja ya Florida ikaziingiza Marekani kwa maelfu. Watozaji wa huko wakazigombania, pamoja na kwamba nyingi zilikuwa na kutu na mbao zimepasuka.

Sasa angalieni kitu kimoja. Katika mifano hii yote, muuzaji wa kwanza ni nani? Ni serikali. Bannerman alinunua kwenye mnada wa serikali. Cummings alinunua kwenye serikali. Zile za Ethiopia zilitoka kwenye maghala ya serikali. Zikapakiwa kwenye makontena zikiwa na vibali pande zote mbili, anayetoa na anayepokea. Hakuna hata sehemu moja kwenye hadithi hiyo ambapo kijana wa miaka 22 anapanda kivuko na kiroba.

MILIONI 80 ZINATOKA WAPI?

Hebu tupige hesabu wenyewe. Bunduki ambayo askari wengi wa Mjerumani huku kwetu walikuwa nayo mwaka 1914 ni Mauser ya 1871. Inapakia risasi moja moja, kipenyo milimita 11, inatumia baruti nyeusi yenye moshi kama jiko la kuni mbichi. Ukipiga mara moja adui anajua uko wapi. Bunduki hizi zilitengenezwa Ujerumani kwa mamia ya maelfu, kwa hiyo si almasi ya Mwadui. Kwa mtozaji wa Marekani, Mauser hiyo ikiwa katika hali ya kawaida mara nyingi inauzwa dola mia kadhaa. Ikiwa safi sana inapita elfu moja.

Tuseme dola 800. Ukichukua shilingi 2,500 kwa dola moja, ni milioni 2. Hiyo ni bei ya mteja wa mwisho, dukani, Marekani, baada ya vibali, meli, ushuru na faida ya mwenye duka. Mtu mwenye akili timamu ataitoaje Ukerewe kwa milioni 80?

Tena watozaji wana macho makali kama fundi saa. Wanaangalia namba. Bunduki za kijeshi zina namba kwenye mtutu, kwenye bolti, kwenye vipande vingine. Namba zikilingana bei inapanda, zisipolingana inashuka. Wanaangalia mihuri ya kiwanda na ya jeshi. Wanaangalia kama mbao ni zile zile za asili. Na kuliko vyote wanataka karatasi: ilitoka wapi, nani alikuwa nayo, iliondokaje nchini kihalali. Bunduki iliyokaa juu ya dari miaka mia moja, imeliwa na kutu, bolti ilishapotea, fundi wa kijijini ameifunga waya, haina karatasi hata moja: mtozaji wa kweli hata kuigusa anaogopa.

Kwa hiyo hizo milioni 80 hazipo, na wala hazikuhitajika kuwepo. Kilichokuwepo ni zile laki tatu za "mtaalamu wa kupima". Ni mchezo ule ule wa rupia za Mjerumani, ule ule wa zebaki nyekundu. Mnakumbuka mwaka 2009 kule Saudi Arabia, uvumi ulienea kwamba cherehani za zamani za Singer zina zebaki nyekundu ndani, watu wakazinunua kwa bei ya gari? Zebaki haikuwepo. Waliopata ni waliouza.

Tofauti ni kwamba ukitapeliwa kwa cherehani unabaki na cherehani. Hapa ukitapeliwa unabaki na bunduki.

ZILIFIKAJE HUKU?

Wapo watakaouliza, hivi kweli zinaweza kuwepo huku ziwani? Zinaweza, manake ziwa letu na bunduki wanajuana siku nyingi.

Kabla hata Mwanza haijajengwa kama mji, alikuwepo huku mtu anaitwa Charles Stokes, mzaliwa wa Dublin. Alikuja mwaka 1878 na misheni ya Waanglikana, baadaye akaachana na misheni akawa mfanyabiashara. Akaoa Unyamwezi, akaongoza misafara mikubwa ya wapagazi, akawa na mashua ziwani. Alinunua pembe za ndovu na kuuza bunduki. Mwaka 1889 alimsaidia Kabaka Mwanga wa Buganda kurudi kupigania kiti chake, akipitia ziwa hili hili. Mwisho wake? Januari 1895 ofisa wa Kongo ya Mfalme Leopold, Kapteni Lothaire, alimkamata, akamhukumu haraka haraka na kumnyonga kwa kosa la kuwauzia bunduki maadui wa dola hiyo. Ulaya kukawaka moto, Leopold akalazimika kulipa fidia Uingereza na Ujerumani, lakini Stokes hakufufuka. Lothaire mwenyewe alishtakiwa, akaachiwa.

Wakati huo mataifa ya Ulaya yalikuwa yameshasaini Mkataba wa Brussels, Julai 1890. Pamoja na mambo ya kukomesha biashara ya utumwa, mkataba ule ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa na kuuzwa kwa Waafrika katika eneo kubwa la bara letu. Yale magobore ya kushindilia baruti kwa mdomo yakaachwa kwa masharti. Mkoloni alijua anachofanya: yeye abaki na bunduki ya kulenga mbali, wewe ubaki na gobore. Gobore ndilo likawa bunduki ya mtu wa kawaida, na mpaka leo lipo.

Halafu ikaja vita ya 1914. Huku kwetu haikuwa hadithi ya mbali. Juni 1915 Waingereza walivuka na meli kutoka Kisumu wakaivamia Bukoba, wakabomoa mtambo wa simu ya upepo, mji ukaporwa. Juni 1916 wakaichukua Ukerewe. Julai 14, 1916 wakaingia Mwanza chini ya Jenerali Crewe, Wajerumani wakiwa wameondoka mbio kuelekea kusini. Jeshi linaloondoka mbio linaangusha vitu njiani, na askari na wapagazi walikuwa watu wa huku huku.

Lakini kuna jambo ambalo dalali hajui au hataki ulijue. Bunduki nyingi za "vita ya Mjerumani" si za Mjerumani!

Novemba 1914, baada ya Waingereza kupigwa Tanga, Wajerumani waliokota bunduki za Kiingereza kwa mamia, bombomu 16 (ndivyo askari walivyoita zile za kumimina risasi) na risasi 600,000. Aprili 1915 meli ya Rubens ikawaletea Mauser mpya takriban 1,800 pale ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, meli yenyewe ikapigwa na Waingereza lakini mzigo mwingi ukaokolewa. Kuanzia hapo wakaishi kwa kuteka. Walipokuja kusalimu amri Abercorn, siku hizi inaitwa Mbala, Zambia, Novemba 25, 1918, Lettow-Vorbeck alikabidhi bunduki 1,071. Zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Mjerumani liliweka chini silaha za watu wengine.

Basi nikamuuliza yule dogo, ile ya babu ina alama gani? Akafikiri, akasema ameishika mara moja tu akiwa mtoto, anakumbuka taji dogo kama la mfalme, chini yake herufi, G na R. Nikacheka mpaka soda ikanipalia. G.R. ni Mfalme George wa Uingereza. "Bunduki ya Mjerumani" ya babu ni ya Mwingereza, na zile za Mwingereza zilitengenezwa kwa mamilioni, zimejaa dunia nzima.

SHERIA INASEMAJE

Sasa hapa ndipo naomba mtulie, hata kama muda wa kafe unaisha.

Vijana wengi wanadhani kuna sehemu kwenye sheria imeandikwa kwamba bunduki kuukuu ni "mali kale" na kwa hiyo si silaha. Twende polepole.

Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kwa vitu vya kubebeka vilivyotengenezwa na binadamu, sheria ile inachora mstari kwenye mwaka 1863: kilichotengenezwa kabla ya hapo ndicho kinachoitwa masalia ya kale. Mauser ya 1871 inakosa mstari kwa miaka minane. Lee-Enfield ya vita ya kwanza inaukosa kwa nusu karne. Yapo makundi mengine, na Waziri ana uwezo wa kutangaza kitu kilindwe, lakini huwezi kujitangazia mwenyewe kijiweni. Na hata kama ingeingia, sheria hiyo hiyo inakukataza kukitoa kitu cha kale nje ya nchi bila kibali. Maana yake ikiwa mali kale huwezi kuiuza hivyo, na isipokuwa mali kale ni silaha. Pande zote mbili umefungiwa.

Upande wa silaha tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kifungu cha 20 kinahusu kumiliki bila leseni. Ukisoma hukumu za mahakama zetu utakuta kifungu hicho kinasomwa pamoja na aya ya 31 ya Jedwali la Kwanza la Sheria ya Uhujumu Uchumi, na kifungu cha 60(2) cha sheria hiyo. Kwa lugha ya kijiweni: kukutwa na bunduki bila leseni kunashtakiwa kama uhujumu uchumi, kundi moja na majangili wa tembo. Na tangu marekebisho ya mwaka 2016, adhabu ya makosa hayo ilipangwa kuanzia miaka 20 hadi 30 jela.

Miaka ishirini! Ukiingia una 22 unatoka una 42. Na usije ukasema "lakini ni gobore tu". Watu wamefungwa kwa magobore ya kuchongwa na fundi wa kijijini kutokana na bomba. Mahakamani anaitwa mtaalamu wa silaha wa polisi aeleze kama kile chuma kinaweza kufyatua. Kama kinaweza, umri wake haukusaidii. Bunduki ya 1916 na ya mwaka jana kosa ni moja.

KWA NINI WAKALI HIVYO?

Nimesikia watu wakisema serikali inaonea, kipande cha chuma cha makumbusho unamfunga mtu miaka yote hiyo. Mimi pia nina maoni yangu juu ya adhabu, nitayasema. Lakini tuwe wakweli, ukali huu una historia, na historia yenyewe ni ya hapa kwetu Kanda ya Ziwa.

Oktoba 1978 Idi Amin alivamia Kagera. Vita ikaenda mpaka Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Majeshi yanapovunjika silaha zinatawanyika. Usukumani miaka ile wizi wa ng'ombe ukabadilika, wezi wakawa wanakuja na bunduki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakijiji wa Kahama na Shinyanga wakachoka kusubiri polisi, wakaunda Sungusungu, na walipambana kwa pinde na mishale. Muulize mzee yeyote wa Magu au Kwimba maana ya mlio wa bunduki usiku miaka ile. Hakukuwa na aliyeuliza kama ni ya kale au mpya.

Halafu ikaja ile filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliyoionyesha Mwanza dunia nzima kama uwanja ambapo madege makubwa yanakuja kubeba minofu ya sangara, huku ikiuliza yanakuja yamebeba nini. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani filamu ile, mji mzima ukabishana. Sitaki kuufufua ubishi huo leo. Ninachosema ni kwamba mji ambao jina lake liliwahi kutajwa hivyo, na mpaka wa maji unaotukutanisha na Uganda na Kenya, hauwezi kutegemea askari wa bandarini ataiona bunduki kwenye kiroba cha dagaa akatabasamu akisema "aa, kumbe ya makumbusho".

SASA TUFANYEJE?

Kwa wewe ambaye babu yako, mjomba au marehemu baba ameacha kitu kama hicho nyumbani.

Kwanza, usikibebe. Kosa kubwa linafanyika njiani. Aliyekutwa nacho ndiye mwenye kesi, na dalali hatakuwepo kwenye kivuko.

Pili, usikipige picha ukairusha kwenye makundi ya simu. Umejitengenezea ushahidi mwenyewe, na umemtangazia kila mwizi wa wilaya kwamba kwa babu kuna bunduki.

Tatu, usikifukie wala kukitupa ziwani kimya kimya. Kilichofukiwa kuna siku kinafukuliwa, na mvuvi akikinasa kwenye wavu umemhamishia matatizo.

Nne, wazee wa ukoo wakae, watafute wakili au msaidizi wa kisheria wa wilayani, waende kutoa taarifa. Polisi wamekuwa wakitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari kwa ahadi kwamba anayesalimisha hashtakiwi, kama kile cha Septemba 1 hadi Oktoba 31, 2022, ambapo silaha zilipokelewa vituo vya polisi na ofisi za serikali za mitaa. Kipindi kama hicho kikitangazwa, hiyo ndiyo siku ya babu. Nje ya kipindi hicho usiende na bunduki begani. Nenda na maneno kwanza, ukiwa na mtu anayejua sheria, waje waichukue ilipo.

Nasisitiza habari ya babu kwa sababu vijana wale walikuwa wanawaza pesa tu, hawakuwaza kwamba bunduki ikikamatwa mjini swali la kwanza ni "umeitoa wapi?" Jibu ni mzee wa miaka zaidi ya 80 anayekula ugali wake kisiwani, hajui hili wala lile. Mtakuwa mmemuuza babu, tena bila kulipwa.

NA SERIKALI NAYO

Nilisema nina maoni, na haya hapa. Wadau mnaweza kunipinga.

Sheria yetu inajua milango miwili tu. Leseni, ambayo mzee wa kijijini mwenye chuma cha 1916 hataipata leo, na jela. Tukiongeza vile vipindi vya msamaha, silaha zikishakusanywa mwisho wake ni kuharibiwa. Kenya Novemba 2016 walichoma silaha 5,250 kwa mpigo kule Ngong. Kwa usalama ni sawa kabisa, mimi simo kwenye kundi la wanaotaka bunduki zibaki mitaani.

Lakini ndani ya lundo kama hilo inaweza kuwepo bunduki iliyobebwa na askari wa Kisukuma au Kikerewe mwaka 1915, mtu ambaye hakuandika kitabu, hakupigwa picha, hana kaburi lenye jina. Kile chuma na maneno ya mjukuu wake ndiyo kumbukumbu yote iliyobaki. Kinapoyeyushwa bila mtu kuandika namba na kuuliza mwenye nacho kilifikaje, tunachoma ukurasa ambao hatukuwahi kuusoma.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kipindi cha kusalimisha kikitangazwa, awepo mtu wa makumbusho pembeni ya polisi, hata mmoja kwa mkoa. Zile kuukuu zitengwe, zipigwe picha, mzee aulizwe maswali matano. Zinazofaa ziharibiwe uwezo wa kufyatua na fundi wa jeshi, ziwekwe kwenye kioo pale Bujora au Dar es Salaam, na kibao chini kinachosema zilitoka kijiji gani. Mzee apewe cheti, na kama Hazina ikijisikia, apewe mbuzi wawili. Naamini wazee wengi wangeleta wenyewe. Kinachowazuia leo ni woga, na woga huo ndio chakula cha madalali.

Na kama kuna siku serikali itaamua kufanya kama Ethiopia, kuziuza nje kwa watozaji zile zisizo na historia ya maana, basi iwe serikali yenyewe, mchana kweupe, kwa mnada, pesa iende inakojulikana. Mimi binafsi napenda zaidi zibaki kwenye kioo. Ila yote mawili ni bora kuliko kiroba cha dagaa.

Yule dogo tuliagana akiwa kimya. Aliniambia atampigia simu baba yake mdogo kule Nansio kabla ya kufanya lolote. Zile laki tatu walikuwa wameshachanga laki moja na nusu, na dalali alikuwa ameshaichukua. Hiyo haitarudi, wahesabu ni ada ya shule. Juzi nimemwona tena kafe, safari hii anaandika barua ya kuomba kazi. Nikamuuliza ya babu imefikia wapi. Akasema wazee watakaa Jumapili.

Nasubiri Jumapili hiyo kama ya kwetu. Kama na wewe yamekukuta ya "bunduki ya Mjerumani" Geita, Musoma au Bukoba, tueleze dalali alikuja na maneno gani, ili mwingine akiyasikia ayajue. Majina ya watu na vijiji usiandike, tafadhali. Na kama ni mwanasheria na nimekosea kifungu, nirekebishe hapa hapa mbele ya watu, sitakasirika.

Naomba kuwasilisha.